SANDUKU LENYE TUNDU
Somo kwa vikundi vya kujifunza Biblia: madini ya betri na hesabu zake

Masomo: 2 Wafalme 12:4-18, Ayubu 28:1-11, 1 Wafalme 21:1-16, Yakobo 5:1-6



Somo letu safari hii linahusu madini ambayo kwayo betri hutengenezwa, yaani kobalti, shaba, nikeli na kinywe. Huenda baadhi yenu watauliza, Je, mambo ya migodi na mikataba yana nafasi gani katika gazeti la kanisa? Jibu letu ni kwamba Biblia yenyewe inasema mengi juu ya madini, juu ya mizani, juu ya ardhi ya urithi na juu ya fedha iliyopotelea mikononi mwa wakubwa. Tena, wengi wetu tunayo simu ya mkononi, na ndani ya simu hiyo mna kazi ya jasho la watu wa Kongo ambao wengi wao husema Kiswahili kama sisi, na ambao baadhi yao ni Waanglikana wenzetu. Kwa hiyo hatuna budi kulitazama jambo hili kwa macho ya Mkristo.

Twawaomba msome kwanza mafungu yaliyotajwa hapo juu, kisha mrudi hapa.

1. KUHANI YEHOYADA NA SANDUKU LAKE

Katika siku za mfalme Yehoashi wa Yuda, nyumba ya Bwana ilikuwa imebomoka mahali pengi. Mfalme akaamuru kwamba fedha iliyoletwa na watu ipokewe na makuhani, nao wafanye matengenezo. Agizo lilikuwa jema. Lakini tazameni mstari wa 6: ulipofika mwaka wa ishirini na tatu wa mfalme, makuhani walikuwa hawajatengeneza kitu. Fedha iliingia miaka hiyo yote, na nyufa zikabaki palepale.

Maandiko hayasemi kwamba makuhani wale walikuwa wezi. Yanasema tu kwamba kila mmoja alipokea fedha kwa watu wake aliowajua, na kazi haikufanyika. Mfalme hakuridhika na kuwagombeza. Utaratibu wenyewe ulibadilishwa, nasi twaona mambo manne:

Kwanza, Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume mtu aingiapo. Kila aliyeingia aliliona.

Pili, fedha ilipokuwa nyingi, haikuhesabiwa na mtu mmoja. Alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakahesabu wote wawili.

Tatu, fedha ikawafikia wafanya kazi wenyewe: maseremala, waashi na wakata mawe.

Nne, fedha ya matengenezo ilibaki kuwa ya matengenezo. Haikununuliwa vyombo vya fedha wala tarumbeta.

Hata leo ndivyo tufanyavyo parokiani. Sadaka ya Jumapili haihesabiwi na mtu mmoja akiwa amejifungia, hata akiwa mtu mwaminifu namna gani. Wanahesabu wawili au zaidi, wanaandika katika daftari, na waumini wanatangaziwa. Hatufanyi hivyo kwa kumdharau mhesabuji. Tunamlinda yeye, na tunailinda sadaka.

Basi, tuyachukue mambo haya manne, twende nayo Kolwezi.

2. MADINI HAYA NI YAPI?

Betri za lithiamu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 1991, ndizo zilizo ndani ya simu, kompyuta za mkononi na magari ya umeme. Zinahitaji lithiamu, na upande mmoja wa betri hutumia kinywe. Upande wa pili, katika aina nyingi, hutumia nikeli na kobalti. Shaba hutumika kupitisha umeme. Simu hutumia kobalti ya gramu chache tu, lakini gari moja laweza kuhitaji kilo kadhaa. Kwa kuwa mataifa makubwa yanataka kupunguza moshi wa petroli, yanayahitaji madini haya kwa wingi.

Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako miji mikubwa ni Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Huko kobalti hukaa ndani ya mwamba mmoja na shaba. Sehemu kubwa hupelekwa China kusafishwa. Na ili kufika baharini, mengi ya madini hayo hupita Zambia, huingia kwetu Tunduma, hufuata barabara ya Mbeya na Iringa, na kupakiwa melini Dar es Salaam. Malori yale tunayopishana nayo yamebeba habari hii tunayoieleza.

Someni tena Ayubu 28. Mwandishi anaeleza jinsi mwanadamu atobóavyo mwamba mbali na makazi ya watu, akining'inia mahali pasipopitwa na mguu wa mtu. Ni sura ya zamani sana, lakini mchimbaji wa Kolwezi akiisoma atajitambua. Mwanadamu ana akili ya kuifikia shaba gizani. Baadaye sura hiyo yauliza kama akili hiyo inatosha kumpatia hekima.

3. WENYE SANDUKU WALIBADILIKA

Watu wa Katanga walijua kuyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Waliifua kwa umbo la misalaba midogo, ikatumika kama fedha. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilishikwa na Msiri, mtawala wa Bunkeya, ambaye asili yake ilikuwa huku kwetu, upande wa Unyamwezi. Mwaka 1891 msafara uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji ulifika kwake kumtaka apokee bendera. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri aliuawa kwa risasi. Hivyo mali ya chini ya ardhi ikapata mwenyewe mwingine.

Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, ikachimba kwa miaka sitini. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikupita hata wiki mbili Katanga ikatangaza kujitenga chini ya Moïse Tshombe, na Wabelgiji waliokuwa na mali huko wakamuunga mkono. Waziri Mkuu Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Kujitenga kulikoma mwaka 1963.

Mwaka 1966 ilitungwa sheria kwamba ardhi na mali yake ni ya taifa, na mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ya Mobutu ikatwaa migodi ya Union Minière. Baadaye shirika la taifa liliitwa Gécamines. Huo ulikuwa mwaka uleule ambao sisi Tanzania tulitangaza Azimio la Arusha, na watu wengi wa Afrika walishangilia habari zote mbili. Gécamines ilijenga nyumba, shule na hospitali, na mfanyakazi wake aliheshimika. Lakini fedha ya shaba na kobalti iliingia katika hazina ambayo mwananchi hakuruhusiwa kuchungulia, na mashine hazikupata matengenezo. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, na uzalishaji ukaanguka pamoja nao. Kufikia miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi wapatao 10,000 waliondolewa kazini. Wengi wakachukua sururu na kuingia mashimoni wenyewe.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 2002 iliyowakaribisha wawekezaji, na migodi bora ikagawiwa kwa makampuni ya nje. Mwaka 2008 Kongo iliingia mapatano na makampuni ya China: madini kwa barabara na hospitali, katika ubia uitwao Sicomines. Mwaka 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali walisema kwamba Kongo imepata kidogo mno kulingana na mali iliyotolewa, na mwaka 2024 mkataba ukajadiliwa upya, fedha ya miundombinu ikapandishwa kuwa dola bilioni 7. Nayo kampuni ya Glencore, yenye migodi hapo Kolwezi, mwaka 2022 ilikiri mahakamani kwamba rushwa ilitolewa katika nchi kadhaa, Kongo ikiwa mojawapo. Mwezi Desemba mwaka huo ilikubali kuilipa Kongo dola milioni 180.

Ndugu, hebu tulinganishe. Mwenye sanduku alikuwa mtawala wa Bunkeya, akawa mfalme wa ng'ambo, ikawa kampuni, likawa taifa, kisha yakawa makampuni mengi pamoja na taifa. Mara nyingi tumefundishwa kuuliza swali moja tu: Madini ni ya nani? Swali hilo ni la haki, na watu walikufa kwa ajili yake. Lakini habari za Katanga zatufundisha kwamba lina mwenzake: Nani anahesabu, na anahesabu mbele ya nani? Bila swali hili la pili, mwenye mali aweza kubadilika mara tano na nyufa za nyumba zikabaki palepale, kama zilivyobaki miaka ishirini na mitatu ya Yehoashi.

4. SHERIA YA MWAKA 2018

Mwezi Machi 2018 Kongo ilirekebisha sheria yake ya madini, na yatupasa kusema kwamba ndani yake mna mambo mema. Hisa za bure za serikali katika mgodi mpya zilipanda kutoka asilimia 5 hadi 10. Mrabaha wa kobalti, uliokuwa asilimia 2, ulifika asilimia 10 baada ya kobalti kutangazwa kuwa madini ya pekee kwa maslahi ya taifa. Tena mrabaha wenyewe umegawanywa wazi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa serikali ya mahali penye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni yapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na mikataba itangazwe hadharani.

Huo mfuko wa vizazi vijavyo unatukumbusha kwamba shimo likishachimbwa halijai tena. Muhindi tukivuna leo, mwakani twaweza kuvuna tena. Kobalti huvunwa mara moja tu. Mzazi anayeuza shamba na kula fedha yote amewanyang'anya wajukuu wake ambao hata hawajazaliwa.

Lakini agizo jema la Yehoashi nalo lilikuwapo, na kazi haikufanyika. Tuchukue ile asilimia 15. Hulipwa moja kwa moja kwa serikali ya mahali, ambayo huenda ni manispaa au ni himaya ya chifu. Ofisi ndogo iliyozoea fedha kidogo imejikuta na fedha nyingi ghafla. Wananchi wengi wa maeneo hayo wamelalamika kwamba hawaoni kazi inayolingana nayo. Mahali pasipo na tangazo ukutani, pasipo na mkutano wa hesabu na pasipo na mtu wa pili wa kuhesabu, fedha hiyo ina hatari ileile ya fedha ya makuhani.

Hata serikali yenyewe yaweza kukosa hesabu. Katika mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume, Gécamines ina hisa asilimia 20, na nyingine ni za kampuni ya CMOC ya China. Gécamines ililalamika kwamba akiba ya madini iliyomo ardhini haikutajwa yote, na kwa hiyo haki yake imepunjwa. Kampuni ilikataa. Kuanzia Julai 2022 madini ya mgodi ule yakazuiwa kutoka nje ya nchi. Mwaka 2023 walipatana, kampuni ikakubali kulipa dola milioni 800. Fikirini: mwenye nyumba na mpangaji wakigombania idadi ya vyumba, maana yake ni kwamba mwenye nyumba hakuwa na hesabu yake mwenyewe. Mhesabuji alikuwa mmoja.

5. WANAOCHIMBA KWA MIKONO

Pamoja na migodi ya mashine, wako maelfu ya watu wachimbao kwa sururu na koleo. Sheria ya Kongo inawaruhusu, mradi wawe raia, wawe na kadi, wawe katika chama cha ushirika, na wachimbe katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao. Sheria pia yakataza shimo kupita mita 30. Tatizo ni kwamba maeneo yaliyotengwa ni machache, na mengi hayajachunguzwa kama yana madini. Ardhi nzuri ilikwisha gawiwa makampuni. Kwa hiyo watu huingia usiku katika migodi ya wengine, au huchimba bila nguzo wala hewa ya kutosha. Mwezi Juni 2019 ardhi iliporomoka katika mgodi mmoja wa Kolwezi, na wachimbaji wasiopungua 43 wakafa.

Watoto nao wamo. Mwaka 2014 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Kongo. Hubeba mizigo, huosha mawe, huokota mabaki. Wengi wameingia huko kwa sababu ya umaskini wa nyumbani na ada ya shule.

Mchimbaji akiisha kupata mawe yake huyapeleka kwa mnunuzi. Mnunuzi ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye chombo cha kupima wingi wa kobalti ndani ya mawe, na ndiye mtaja bei. Mchimbaji hawezi kuhakikisha hata kimoja. Fungueni Mithali 11:1 na Amosi 8:4-6 mwone Bwana anavyochukia mizani ya hila. Fungueni pia Yakobo 5:4, mahali ambapo ujira uliozuiwa unapaza sauti. Mwaka 2019 serikali iliunda shirika la kununua kobalti yote ya wachimbaji wa mikono kwa utaratibu mmoja. Nia ni nzuri. Lakini kumpa mnunuzi mmoja haki ya kununua bila kumpa muuzaji mizani ya pili ni kubadilisha mwenye sanduku tu.

Na iko habari ya Kasulo, mtaa wa hapo Kolwezi. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, wakaanza kuchimba uani na hata vyumbani. Mwaka 2017 serikali ya mkoa iliwahamisha wakazi wa sehemu ya mtaa huo, mahali pakazungushiwa ukuta, na haki ya kununua madini ya hapo ikapewa kampuni moja. Mitaa mingine ya mji huo imepakana na migodi inayozidi kupanuka, na mwaka 2023 shirika la Amnesty International liliandika habari za watu wa Kolwezi walioondolewa majumbani mwao bila haki kutendeka.

Hapa tukumbuke shamba la Nabothi. Ahabu alianza vizuri: aliomba, akataja bei, akaahidi shamba jingine. Dhambi iliingia Nabothi aliposema hapana. Barua zikaandikwa kwa muhuri wa mfalme, mashahidi wakapatikana, baraza likaketi, na kila kitu kikaonekana kuwa halali. Angalieni mstari wa 11: waliotenda jambo lile walikuwa wazee wa mji wake mwenyewe. Yezebeli hakufika Yezreeli kushika jiwe. Wazee wa mtaa walimfanyia kazi yake.

6. BEI, HOFU NA HAZAELI

Kobalti ilipozidi sokoni bei ilianguka sana. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ikasimamisha kuuza kobalti nje. Mwezi Oktoba mwaka huo ikafungua tena kwa kiasi maalumu: tani 18,125 kwa sehemu ya mwaka iliyobaki, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Yaani mwenye mali aliamua kwamba mnunuzi asitaje bei peke yake. Hilo ni jambo la kufikiri. Lakini wako pia watengenezaji ambao sasa hutumia betri za chuma na fosfeti zisizo na kobalti kabisa. Hivyo mali hii haina ahadi ya kudumu. Kinachojengwa kwayo leo, shule na maji na barabara, ndicho kitakachobaki.

Sasa rudini 2 Wafalme 12, mistari ya 17 na 18, ambayo wengi huiruka. Hazaeli mfalme wa Shamu alielekeza uso wake kuupiga Yerusalemu. Ndipo Yehoashi, mfalme yuleyule wa sanduku, akatwaa vitu vitakatifu na dhahabu yote iliyoonekana katika hazina, akampelekea, na Hazaeli akaondoka. Nyumba ambayo fedha ya matengenezo yake ilihesabiwa kwa uangalifu mkubwa, hazina yake ilifunguliwa na hofu siku moja.

Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo. Serikali ilitafuta msaada wa Marekani, na madini yakaingia katika mazungumzo. Tarehe 4 Desemba 2025 mapatano ya amani kati ya Kongo na Rwanda yalitiwa saini huko Washington, na siku hiyohiyo Kongo na Marekani zikatia saini ushirikiano unaohusu madini. Sisi tunaomba amani kwa Wakongo kila siku, wala hatumhukumu mtu ambaye nyumba yake inawaka moto. Ila twasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa hofu ndiyo yanayohitaji zaidi kuwekwa karibu na madhabahu, mahali ambapo kila aingiaye atayaona.

7. YATUHUSUJE SISI?

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya jirani tu. Nchi yetu ina nikeli huko Kabanga wilayani Ngara, ambako mwezi Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba na wawekezaji, ikapata hisa asilimia 16. Ina kinywe huko Mahenge, na mahali pengine kusini. Sheria zetu za mwaka 2017 zimetamka kwamba mali ya asili ni ya wananchi, zimeweka hisa za serikali zisizopungua asilimia 16 na mrabaha wa asilimia 6 kwa madini ya metali. Kila mwenye mgodi hutakiwa kupatana na halmashauri juu ya mpango wake wa kuisaidia jamii kila mwaka. Sheria ya mwaka 2015 yataka mikataba na malipo ya madini yawe wazi. Na sheria ya ardhi yasema kwamba anayehamishwa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati.

Tumshukuru Mungu kwa maneno hayo. Lakini je, katika kijiji kilicho karibu na mgodi, ni nani aliyepata kuuona mpango wa kuisaidia jamii? Uliwahi kusomwa katika mkutano wa kijiji? Mthamini alipopima shamba la mjane, je, mjane alipewa nakala ya karatasi aliyoitia kidole gumba? Makaburi ya wazee yalihesabiwa? Mambo haya hayahitaji mbunge wala mwanasheria kuyauliza. Yanahitaji mtu mmoja asimame mkutanoni kwa adabu na kuuliza, na mwingine asimame nyuma yake ili asionekane peke yake.

8. WENGINE HUSEMA

Wengine husema kwamba Kanisa lihubiri Injili na kuiachia serikali madini. Lakini Mtakatifu Paulo, alipokuwa akikusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alikubali kusafiri na watu wengine waliochaguliwa, ili mtu awaye yote asipate neno la kulaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Mtume hakuona kwamba kuhesabu mbele ya watu ni jambo la nje ya Injili.

Wengine husema kwamba mstari wa 15 wa somo letu watuambia kuwa wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ni kweli. Lakini mstari huo waja baada ya sanduku, baada ya wahesabuji wawili, na baada ya nyufa kuanza kuzibwa. Uaminifu ulionekana katika ukuta uliotengenezwa. Mtu akitutaka tumwamini kwa neno lake tu, tumwombe atuonyeshe ukuta.

Na wengine husema, Sisi ni wadogo, tufanye nini? Yehoyada alianza na sanduku moja na tundu moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mfalme alibadilisha utaratibu badala ya kuwagombeza makuhani tu? Je, katika parokia yetu ziko fedha zinazohesabiwa na mtu mmoja?

2. Someni 1 Wafalme 21:8-14. Kama wazee wa Yezreeli wangekataa barua ile, habari ingekuwaje? Wazee wetu wa leo hupelekewa barua za namna gani?

3. Sheria ya Kongo huweka asilimia 10 ya mrabaha kwa vizazi vijavyo. Sisi katika nyumba zetu, ni mali gani tunayoila ambayo ilikuwa ya wajukuu?

4. Tunaponunua simu mpya hali ya zamani bado yafanya kazi, tunamtwika nani mzigo?

5. Wajumbe wawili wa kikundi waende ofisi ya kijiji au ya mtaa, waulize kwa upole mahali hesabu za mapato zinapobandikwa. Watuletee majibu katika mkutano ujao.

SALA

Ee Mwenyezi Mungu, uliyeificha shaba ndani ya mwamba na kumpa mwanadamu akili ya kuitafuta. Uwarehemu wote wanaoshuka mashimoni leo huko Kolwezi na kila mahali, na watoto wabebao mizigo iliyowazidi nguvu. Uwape watawala wetu moyo wa Yehoyada, na uwaondolee hofu iliyompata Yehoashi. Utupe na sisi ujasiri wa kuuliza bila chuki na uaminifu wa kujibu bila hila, ili mali uliyotupa ijenge palipobomoka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.